Namna ya Kuanzisha Klabu ya Wanafunzi Katika Sekondari Ndogo na Kuifanya Idumu

Kila Januari shule zinapofunguliwa, walimu wapya waliokabidhiwa ulezi wa klabu huniuliza maswali yaleyale: waanzie wapi, fedha zitoke wapi, na kwa nini wanafunzi waliojaza darasa wiki ya kwanza hawaonekani tena wiki ya nne. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanafunzi wanaotamani kuanzisha klabu wenyewe lakini hawajui wamfuate mwalimu yupi na wamwambie nini. Unahusu sekondari ndogo ya kutwa, ile tunayoiita shule ya kata, yenye wanafunzi kati ya 150 na 300 na walimu wasiozidi kumi na wawili. Shule za namna hii zilienea Tanzania nzima baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, na mazingira yake hayafanani na ya shule kongwe za bweni. Mwanafunzi wa bweni yupo shuleni jioni. Mwanafunzi wako ana kilomita sita za kutembea, na akifika nyumbani anakuta ndoo inamsubiri.

Nimelea klabu katika shule za aina hii kwa miaka kadhaa, na si zote zilizodumu. Zilizokufa karibu zote zilikosa kimoja kati ya vitu vitatu: siku yake isiyoguswa, kazi yake inayoonekana kwa macho, au mrithi aliyeandaliwa mapema. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili usikose hata kimoja.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Idhini ya mkuu wa shule, iliyoandikwa na kutiwa saini. Idhini ya mdomo husahaulika siku mkuu huyo anapohamishwa.
- Mlezi mmoja na mlezi msaidizi mmoja. Kama klabu ina wasichana, mmoja wao awe mwalimu wa kike. Shule ikiwa haina mwalimu wa kike, mwombe mhudumu wa afya wa zahanati ya jirani au mama mmoja kutoka bodi ya shule.
- Saa moja ndani ya ratiba ya shule, kila wiki, siku ileile.
- Wanafunzi kati ya 10 na 25. Usione idadi hii kuwa ndogo. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa kutunza mazingira ambao leo una vikundi katika nchi nyingi duniani, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokwenda kuzungumza na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe.
- Kaunta buku mbili: moja ya mahudhurio na mihutasari, nyingine ya fedha na mali.
- Darasa, au kivuli cha mwembe chenye madawati ya kutosha.
- Sanduku lenye kufuli, na funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti.

Fedha sikuziweka katika orodha hii kwa makusudi, kwa kuwa muhula wa kwanza unaweza kuisha vizuri bila klabu kutumia zaidi ya bei ya kaunta buku hizo mbili.

Hatua ya 1: Hesabu watu na saa

Kabla hujafikiria jina la klabu, chukua karatasi na uandike idadi ya walimu, majukumu ya kila mmoja, idadi ya wanafunzi kwa kila kidato, na saa ambayo mwanafunzi anayeishi mbali kuliko wote hulazimika kuondoka ili afike kwao kabla ya giza. Mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa michezo tayari wamebeba mzigo, na ukiwaongezea klabu wataipokea kwa heshima tu, kisha hawatafika kwenye vikao.

Kwa shule yenye wanafunzi 200 na walimu kumi, ushauri wangu ni klabu zisizidi tatu, ukiacha michezo na vikundi vya dini. Nimewahi kuona ubao wa matangazo wenye orodha ya klabu kumi na moja katika shule yenye walimu tisa. Nilipowauliza wanafunzi, zilizokuwa zikikutana ni mbili, na majina yaliyojaza orodha nyingine yalikuwa ya wanafunzi walewale ishirini. Orodha ndefu humpendeza mgeni anayepita ofisini, lakini huwagawa wanafunzi wachache mlionao mpaka kila klabu ikabaki na mwenyekiti na katibu peke yao.

*Tahadhari:* Usiiweke klabu baada ya saa za masomo. Shuleni kwetu masomo yaliisha saa 8:40 mchana, na klabu tuliyoipanga saa 9:30 alasiri ilipoteza karibu wasichana wote katika wiki mbili, kwa sababu walikuwa wakitembea kwa makundi na kundi likishaondoka hakuna anayekubali kubaki nyuma peke yake.

Hatua ya 2: Chagua kazi kwanza, jina litafuata

Mlezi mgeni huanza na jina: klabu ya mazingira, klabu ya afya, klabu ya haki za binadamu. Jina halimwambii mwanafunzi atafanya nini Jumatano ijayo. Jiulize hivi: wiki hii wanachama watafanya nini kwa mikono yao au kwa midomo yao, na mwisho wa muhula watawaonyesha wenzao kitu gani? Ukikosa jibu la sentensi moja, kazi hiyo iache, hata kama jina lake linavutia.

Kazi ambazo nimeziona zikifaa katika shule ndogo ni mdahalo, gazeti la ubaoni linalobadilishwa kila baada ya wiki mbili, kitalu cha miche, na majaribio ya sayansi kwa vifaa vya nyumbani. Klabu ikishakuwa na kazi yake ndipo unaweza kuiunganisha na mtandao mkubwa zaidi. Klabu za Malihai zinahusu wanyamapori na mazingira. Klabu za Fema hupokea jarida la vijana. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, huwa na klabu za wapinga rushwa shuleni. Young Scientists Tanzania huandaa maonyesho ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Nao skauti wana utaratibu wao wa sare, viapo na ngazi. Mitandao hii husaidia kwa machapisho, semina na mashindano. Hata hivyo, usisubiri barua yao ndipo uanze, kwani klabu inayosubiri mgeni wa kuizindua huendelea kumsubiri hadi muhula unapokwisha.

Hatua ya 3: Pata idhini na nafasi katika ratiba

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule ikitaja kazi ya klabu, walezi, siku na saa, mahali, na wiki ambazo klabu haitakutana. Kabla hujaipeleka, zungumza na mwalimu wa taaluma, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ratiba na ndiye atakayeulizwa matokeo yakishuka. Ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa hiyo mpe ahadi mbili unazoweza kuzitimiza: klabu itasimama wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula, na wanafunzi wa kidato cha nne hawatapewa majukumu mazito ya klabu baada ya mitihani ya utamilifu (mock).

Kipindi kinachofaa ni cha mwisho cha siku, katikati ya wiki. Angalia isije ikawa siku ya michezo, hasa kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambapo wachezaji huitwa mazoezini na hawawezi kukatalia. Ijumaa mchana iache kabisa: Waislamu wanakwenda kwenye swala, na shule nyingi huwa na kipindi cha dini ambapo vyama vya wanafunzi wa Kikristo na wa Kiislamu, kama UKWATA, TYCS na TAMSYA, hukutana. Klabu inayogongana na kipindi cha dini humlazimisha mwanafunzi achague, na sisi walimu hatupaswi kumweka mtoto katika uchaguzi huo.

Hatua ya 4: Andikisha wanachama taratibu

Mwaka wangu wa kwanza nilitangaza klabu ya mazingira mstarini, mbele ya shule nzima, nikaomba wanaotaka wabaki. Walibaki 64. Ijumaa ya tatu walikuja tisa. Niliumia, mpaka nilipowauliza mmoja mmoja nikagundua kwamba wengi walibaki siku ile kwa sababu marafiki zao walibaki, na wengine walidhani watapata fulana.

Tangu hapo nafanya hivi. Tangazo linabandikwa ubaoni likieleza kazi ya klabu na siku yake. Anayetaka anakuja kwa katibu wa muda kuandika jina, kidato, kijiji anachotoka na sababu yake kwa sentensi moja. Uandikishaji unakaa wazi wiki mbili. Mwanafunzi mmoja anaruhusiwa klabu moja tu kwa mwaka. Majina yakizidi 25, usimfukuze mtu. Waweke waliozidi kwenye orodha ya kusubiri na uwachukue nafasi zinapopatikana, na zitapatikana.

*Tahadhari:* Usiulize sababu kwa Kiingereza. Hili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo linaloua klabu nyingi kimyakimya. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na katika shule nyingi kuna kibao kinachowataka wanafunzi wakizungumze muda wote. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kwenye mdahalo wa Kiingereza, anasikiliza watu wanne walewale wakizungumza, anapiga makofi, anaondoka. Akifanya hivyo mara tatu harudi.

Sisi tulipanga mdahalo kwa wiki mbili mbili. Wiki ya kwanza hoja ilijadiliwa kwa Kiswahili, na wiki ya pili hoja ileile ikajadiliwa kwa Kiingereza. Siku moja hoja ilikuwa kwamba mwanafunzi wa kutwa anaweza kufaulu sawa na wa bweni. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye nilikuwa sijamsikia akizungumza darasani tangu aanze shule, alinyoosha mkono. Alisimama akiwa ameshika dawati kwa mikono miwili, akaeleza jinsi anavyosoma kwa kibatari mama yake akishamaliza kupika, na jinsi mafuta ya taa yanavyoisha kabla ya sura kuisha. Mtunza muda alisahau kugonga kengele. Wiki iliyofuata mvulana huyo alisema sentensi tatu kwa Kiingereza juu ya kibatari hichohicho, kwa maneno aliyoyatafuta mwenyewe kwenye kamusi ya maktaba. Mwalimu wa Kiingereza, aliyekuwa akiupinga utaratibu wetu, tangu siku hiyo akawa mlezi msaidizi.

Hatua ya 5: Chagueni viongozi

Viongozi wanne wanatosha: mwenyekiti, katibu, mwekahazina na mtunza vifaa. Mwenyekiti atoke kidato cha tatu, na katibu atoke kidato cha pili. Kidato cha nne wawe washauri tu, kwa sababu kuanzia Septemba akili zao zitakuwa kwenye mtihani wa Novemba, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kura ziwe za siri, kwa vikaratasi, na zihesabiwe mbele ya wote. Kati ya mwenyekiti na katibu, mmoja awe msichana.

Usimteue kiranja mkuu kuwa mwenyekiti wa klabu. Viranja wana mamlaka ya kuandika majina ya wachelewaji na wapiga kelele, na mwanafunzi aliyeandikwa asubuhi hawezi kuwa huru kutoa maoni mbele ya aliyemwandika. Katika shule ndogo uongozi huelekea kukusanyika kwa watu watano walewale, na klabu ndiyo nafasi ya kumpa wa sita.

Hatua ya 6: Endesha kikao cha kwanza

Kikao cha kwanza kiwe na kazi, kisiwe cha hotuba peke yake. Gawa dakika 60 hivi: dakika 5 za mahudhurio, dakika 10 za kueleza kanuni, dakika 35 za kazi yenyewe, na dakika 10 za kugawana majukumu ya wiki ijayo. Kuanzia kikao cha pili, zile dakika 10 za kanuni zinakuwa za kusoma muhutasari uliopita. Kanuni zenyewe zisizidi ukurasa mmoja: nani ni mwanachama, anafutwa akikosa vikao vingapi bila taarifa (tulikubaliana vitatu), viongozi hukaa muda gani, na fedha hutolewa kwa saini za nani.

Muhutasari uandikwe siku hiyohiyo. Katibu wetu wa kwanza, binti wa kidato cha pili, alikuwa akipiga safu kwa rula na penseli kabla ya kila kikao: safu ya jina, ya kidato, ya saini, na nyingine nyembamba ya sababu ya kukosekana. Mwanzoni nilidhani anapoteza muda. Kisha Afisa Elimu Kata akafika bila taarifa, akauliza kama shule ina klabu zinazofanya kazi kweli, nikampa lile daftari. Alilisoma kwa muda mrefu akifunua ukurasa mmoja mmoja, na swali lake la kwanza likawa kwa nini mwanachama wa kumi na nne alikosa vikao viwili. Safu nyembamba ilikuwa na jibu: mto umejaa.

Hatua ya 7: Panga muhula mzima kwenye ukurasa mmoja

Hesabu wiki za muhula, toa wiki za mitihani, wiki ya kwanza ya usafi na wiki ya kufunga. Mara nyingi utabaki na vikao kumi na mbili hadi kumi na vinne, ambavyo ni vichache kuliko unavyodhani. Kila kikao kipewe kazi moja. Cha mwisho kiwe cha kuonyesha: siku ya wazazi, mahafali ya kidato cha nne, au hata dakika kumi mstarini siku ya Jumatatu. Wanafunzi hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa wakijua kuna watu watakuja kuitazama.

Chukua mfano wa klabu inayotaka kitalu, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Rudi nyuma kutoka mwanzo wa mvua za eneo lako. Sehemu zenye mvua za msimu mmoja, kama Dodoma na Singida, mvua huanza kuelekea Desemba, kwa hiyo mbegu zipandwe Julai au Agosti ili miche iwe na miezi minne hivi. Udongo wa viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, tunauchanganya kwa ndoo: tatu za udongo wa juu wenye rutuba, mbili za samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza miche. Mbegu za mwarobaini zipande mara baada ya kuziokota na kuzisafisha, kwa sababu zikikaa kwa muda mrefu hazioti. Anza na viriba 100, hata kama mna nguvu za kujaza 500.

*Tahadhari ya kwanza:* Fikiria likizo tangu siku ya kwanza. Tuliwahi kuacha viriba 300 shule ilipofungwa Juni, nami nikaridhika kumwambia mlinzi kwa mdomo tu kwamba amwagilie. Tuliporudi Julai ilikuwa imebaki miche arobaini hivi, nayo imenyauka. Sasa tunaandika zamu: wanachama wanaoishi karibu na shule, wawili wawili, kila jozi na siku zake, wazazi wao wakiwa na taarifa, na nakala ya zamu hiyo kwa mlinzi na kwa mwenyekiti wa kitongoji.

*Tahadhari ya pili:* Kazi ya klabu isigeuzwe kuwa adhabu. Shule zetu zina mazoea ya kilimo na kazi za mikono tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ni mazoea mazuri. Lakini siku mwalimu wa zamu atakapowatuma wachelewaji kumwagilia kitalu cha klabu, wanachama wataanza kuona aibu kuonekana pale. Zungumza na walimu wenzako kikaoni, mapema, muelewane kwamba bustani ya klabu haiguswi kwa adhabu.

Hatua ya 8: Simamia fedha kwa uwazi

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na mchango wa lazima kwa mwanafunzi haukubaliki. Usitoze kiingilio cha klabu, hata shilingi mia tano, kwa kuwa mtoto asiyekuwa nayo ataacha kuja kimya kimya na hatakueleza sababu. Klabu inaweza kuuza miche, mboga au tiketi za igizo siku ya wazazi, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Kila shilingi iandikwe siku inapoingia, ipate stakabadhi ya shule, na itunzwe na mhasibu wa shule au kwa utaratibu atakaouelekeza mkuu. Mwekahazina asome hesabu kwa sauti kila mwezi. Mlezi asikae na fedha za klabu mfukoni, hata kwa siku moja, hata kama kila mtu anamwamini.

Hatua ya 9: Linda watoto

Klabu humweka mwanafunzi karibu na mtu mzima nje ya darasa, na ukaribu huo unahitaji mipaka. Mlezi asikutane na mwanafunzi mmoja mahali palipofungwa. Safari yoyote nje ya eneo la shule iwe na barua ya mzazi yenye saini na watu wazima wawili. Vikao viishe kwa saa iliyopangwa. Ubaoni iandikwe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo hupigwa bure, na wanachama waelezwe ni ya nini.

Hatua ya 10: Kabidhi kabla ya mahafali

Usisubiri Novemba. Agosti, au mwanzoni mwa Septemba, fanyeni uchaguzi mpya, kisha viongozi wa zamani na wapya wafanye kazi pamoja kwa vikao vitatu. Siku ya makabidhiano funguo, kaunta buku zote mbili na orodha ya mali vipite mkono kwa mkono mbele ya wanachama, na wote wanne waliotoka na wanne walioingia watie saini. Anayetoka aandike ukurasa mmoja kuhusu mambo aliyojifunza na mambo yaliyomshinda. Kurasa hizo zitunzwe kwenye sanduku. Nimewaona wenyeviti wapya wakizisoma kwa makini kuliko mwongozo wowote niliowahi kuwaandikia, labda kwa sababu mwandishi wake ni mtu wanayemfahamu, aliyekaa dawati la jirani.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Mahudhurio yanashuka kila wiki. Fungua daftari uone ni akina nani wanaokosa. Wakiwa wa kijiji kimoja, tatizo ni saa au njia. Wakiwa wa kidato kimoja, tatizo ni mitihani au mwalimu anayewazuia. Wakiwa wametawanyika, kazi ya klabu imewachosha na inabidi uibadilishe. Usianze kwa kuwagombeza waliokuja.

Kipindi cha klabu kinachukuliwa kwa masomo ya ziada. Mara moja, kubali. Mara ya pili, nenda na barua ya idhini kwa mwalimu wa taaluma na muombe siku mbadala ndani ya wiki hiyohiyo. Ukinyamaza mara tatu mfululizo, kipindi kimekwenda.

Mzazi anamzuia binti yake. Mwalimu wa kike aende nyumbani, akiwa na ratiba inayoonyesha saa ya kuanza na ya kumaliza. Mara nyingi mzazi amesikia tu neno klabu akadhani ni muziki na dansi, na maelezo ya dakika tano yanatosha.

Fedha zimepungua kwenye hesabu. Simamisha matumizi, mpe taarifa mkuu wa shule siku hiyohiyo, na mpitie kaunta buku mstari kwa mstari mkiwa na mwekahazina na katibu. Kiasi kikiwa kidogo, mara nyingi ni kosa la kujumlisha. Usimtaje mwanafunzi yeyote mbele ya wenzake kabla ya kuwa na uhakika.

Kuna mwanafunzi mwenye ulemavu na kazi haimfai. Muulize yeye mwenyewe anachotaka kufanya kabla hujampangia. Tuliwahi kumpa mwanafunzi asiyeona vizuri kazi ya mapokezi kwa nia njema, kumbe alitaka kuwa mtunza muda, na aliifanya kazi hiyo kwa kusikiliza saa ya simu ya mwalimu.

Mlezi amehamishwa katikati ya mwaka. Uhamisho hautoi nafasi ya maandalizi. Barua inaweza kufika Jumatatu ukaondoka Ijumaa. Kama una mlezi msaidizi, kanuni za ukurasa mmoja, barua ya idhini na sanduku lenye funguo mbili, kinachobaki ni kumtambulisha msaidizi mstarini na kumkabidhi kaunta buku. Kama huna, tumia siku hizo nne kumtafuta, hata kabla ya kufunga mizigo yako, na mwachie mwenyekiti namba ya simu yako ikiwa imeandikwa ndani ya jalada la daftari.